Tone la damu kwenye karatasi, na mpwa anayetafuta kazi

Mama mmoja wa Chumbageni amenitumia ujumbe mrefu wenye mambo mawili. La kwanza linahusu mwanawe wa miaka minne. Alimpeleka zahanati akiwa na homa, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, akapewa dawa mseto. Kabla hajaondoka akaja kijana mwenye koti jeupe, akaomba ruhusa, akachukua tone jingine kutoka kwenye kidole kilekile, akalidondoshea kwenye kipande cha karatasi na kukiacha kikauke. Akaeleza kwamba ni utafiti wa vinasaba vya vimelea. Mama akasaini fomu. Sasa anauliza: "Damu ya mwanangu imekwenda wapi, na mimi nitafaidika nini?"

La pili aliliandika kama la kupita tu. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, amerudi na shahada ya uzamivu katika vinasaba vya mazingira. Anaitwa daktari, lakini yuko nyumbani miezi saba sasa. Kila akiulizwa anasema anatafuta nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu. "Mtu ameshamaliza shahada zote, anatafuta tena kusoma nini? Mtaani wanamcheka."

Mama, maswali yako mawili yana jibu moja. Karatasi ile haijisomi yenyewe. Baada ya kukauka hutiwa kwenye mfuko, husafirishwa hadi maabara, vinasaba vya kimelea hutolewa, hupitishwa kwenye mashine, na mashine hutema mamilioni ya herufi. Kisha lazima awepo mtu wa kukaa na herufi hizo miezi mingi kwenye kompyuta hadi aweze kusema jambo moja linalomsaidia mganga wa zahanati yako: dawa hii bado inafanya kazi hapa, au imeanza kuchoka. Mtu huyo, mara nyingi, ni mwenye sifa kama za mpwa wako, akiwa na mkataba wa miaka miwili au mitatu. Akikosekana, karatasi hubaki kwenye jokofu.

Neno vinasaba wengi tumelizoea kupitia kesi za matunzo ya watoto na vipimo vya Mkemia Mkuu, pale baba anapokana mtoto. Kazi ni ileile, ila hapa anayetafutiwa ukoo ni kimelea. Na si lazima mtafiti aanzie kwa mgonjwa. Anaweza kuchota maji ya dimbwi, udongo au maji taka, au kukamata mbu chumbani mwako alfajiri, akasoma vinasaba vya kilichomo. Hiyo ndiyo maana ya vinasaba vya mazingira. Samaki huacha ute na magamba majini. Mtu mwenye virusi vya polio huviacha chooni kabla hajajua kama anavyo. Mwaka 2018 virusi vya polio vilionekana katika maji taka ya Eastleigh, Nairobi, bila Kenya kuwa na mtoto hata mmoja aliyepooza kwa virusi hivyo. Vinasaba vyake vilionyesha ni ndugu wa virusi vilivyokuwa vikisambaa Somalia, na watoto wakaanza kuchanjwa kabla mtu hajapooza. Hebu fikiria wewe ni mzazi wa Eastleigh.

Watu wa Tanga tuna mfano wetu wenyewe, ingawa si wa ugonjwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wetu wamekuwa wakinasa silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia iliwahi kudhani ametoweka. Mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya silikanti hapa Tanga, na mwaka 2011 watafiti wa Japani wakishirikiana na Watanzania walichapisha matokeo ya vinasaba yakionyesha kwamba silikanti wa pwani hii ni kundi lililojitenga na wale wa Komoro. Samaki wetu, kwa kiasi kikubwa, alisomewa Tokyo. Kwa samaki naweza kuvumilia. Kwa kimelea kilicho ndani ya damu ya mtoto, kuchelewa kwa majibu kuna gharama nyingine.

Gharama hiyo mkoa huu umeilipa zaidi ya mara moja. Miaka ya 1950, watafiti waliokuwa wakifanya kazi maeneo ya Muheza waligundua kwamba vimelea vya malaria vya huko vilikuwa vimeanza kuizoea pyrimethamine, dawa ambayo wakati ule ilikuwa bado mpya. Miongo mingi baadaye dawa hiyohiyo ilichanganywa na nyingine ikawa SP, ile ya vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kuifanya SP kuwa dawa ya kwanza. Ilidumu miaka mitano tu. Mwaka 2006, wakati nchi inajiandaa kuingia kwenye dawa mseto, watafiti waliwapa SP watoto wenye malaria wilayani Korogwe na kuwafuatilia. Ndani ya siku 28, zaidi ya watoto 8 kati ya kila 10 walikuwa na vimelea tena au hawakupona kabisa. Utafiti ulisimamishwa mapema. Vinasaba vilipoangaliwa, vimelea vya Korogwe vilikuwa na badiliko la ziada juu ya yale yaliyojulikana, na badiliko hilo lilivifanya vigumu zaidi.

Sasa fikiria miaka ile ya kabla ya 2006. Ni wazazi wangapi wa Korogwe, Muheza na hapa mjini waliwapa watoto SP kwa uaminifu, wakasubiri homa ishuke, haikushuka, wakarudi zahanati, wakapewa SP tena? Hakuna aliyewahesabu. Dawa haifi siku moja. Hudhoofika polepole kata moja baada ya nyingine, na mzazi hujilaumu kwamba labda alikosea kumpa.

Hapa niseme jambo kwa mama wajawazito, kwa sababu najua baadhi yenu mtasoma haya na kuzikataa SP za kliniki. Msizikatae. Vidonge vile kwa mjamzito ni vya kukinga, havitolewi kwa ajili ya kutibu malaria, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani bado unavipendekeza. Dawa nyingine ililinganishwa nayo katika utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Malawi na kaskazini mashariki mwa Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Dawa hiyo ilipunguza malaria kuliko SP, lakini matokeo ya ujauzito hayakuwa bora. Inaelekea SP inamsaidia mtoto tumboni kwa njia nyingine pia. Kwa hiyo SP iliyochoka kutibu homa ya mtoto bado ina kazi kwa mama. Mambo ya vinasaba yako hivyo, hayatoi jibu la ndiyo au hapana kirahisi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuhitaji watu waliobobea kuyatafsiri.

Turudi kwenye dawa mseto, ile ya njano aliyopewa mwanao. Tunaitumia tangu mwishoni mwa 2006, na ndani yake mna artemether, dawa ya ukoo wa artemisinini inayoua vimelea haraka, pamoja na lumefantrine inayobaki mwilini kumalizia. Kwa muda mrefu taarifa za usugu zilitoka Asia ya Kusini Mashariki, sisi tukiwa watazamaji. Mwaka 2020 Rwanda ikaripoti vimelea vyenye badiliko kwenye jeni iitwayo Kelch 13, ambalo huvifanya vichelewe kufa vinapokutana na artemisinini. Mwaka 2021 Uganda nayo ikaripoti ya kwake.

Tanzania haikukaa kimya. NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, chini ya mtafiti Deus Ishengoma, iliendesha mradi wa kufuatilia malaria kwa vinasaba nchi nzima. Katika sampuli zilizokusanywa mikoa 13 mwaka 2021, badiliko lile la Rwanda lilionekana karibu lote mkoa mmoja tu, Kagera, kwa takriban vimelea 8 katika kila 100, na wilaya ya Karagwe ilikuwa juu kuliko nyingine. Mwaka uliofuata watoto wenye malaria wa Karagwe walitibiwa na kufuatiliwa. Zaidi ya 10 katika kila 100 walikuwa bado na vimelea siku ya tatu, jambo ambalo kwa vigezo vya WHO ni dalili ya usugu wa sehemu. Lakini karibu wote walipona mwishoni, kwa sababu lumefantrine ilimalizia kazi.

Hii ndiyo taarifa ninayotaka uielewe vizuri, mama, kwa sababu mitandaoni inazungushwa vibaya. Dawa mseto inatibu. Mguu wake mmoja umeanza kuyumba kaskazini magharibi mwa nchi. Mwingine ukiyumba pia, tutakuwa Korogwe ya 2006. Na Kagera ni mbali na Chumbageni, lakini kimelea husafiri ndani ya damu ya abiria, na abiria anapanda basi jioni, kesho yuko Tanga.

Vinasaba vilitufundisha jambo jingine la ajabu. Usugu dhidi ya pyrimethamine uliotutesa miaka ya nyuma ulipochunguzwa ukoo wake, sehemu kubwa ilionekana kuwa na asili ya Asia ya Kusini Mashariki. Ulikuja kama mgeni ukaenea. Huu wa sasa wa Rwanda na Uganda umezaliwa hapahapa Afrika Mashariki. Kwa hiyo mbinu ya kulinda mipaka na viwanja vya ndege haitoshi. Unahitaji mtu wa kuangalia damu ya Karagwe, ya Handeni na ya Mkinga kila mwaka, na mtu huyo awe anajua mwaka jana ilikuwaje. Hilo la kujua mwaka jana ilikuwaje ndilo linalopotea mkataba unapokwisha na mtafiti akaondoka.

Kipimo cha haraka nacho kinategemea kazi hiyohiyo. Kinagundua malaria kwa kunasa protini moja ya kimelea. Eritrea na Ethiopia wamekutana na vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo: mtoto anaumwa, kipimo kinasema hana malaria. Hapa kwetu watafiti walichunguza wagonjwa katika vituo 100 vya mikoa 10 mwaka 2021 na wakaona vimelea vya aina hiyo ni nadra sana. Ndiyo maana bado unaweza kukiamini kipimo cha zahanati yako. Ila jibu hilo ni la 2021. Nani anapima tena, na lini?

Upande wa mbu mambo yana ladha ya kwetu zaidi. Muheza ni moja ya sehemu zilizochunguzwa mbu kwa muda mrefu kuliko karibu popote Afrika Mashariki. Vyandarua vingi hujaribiwa kwenye vibanda vya utafiti vya NIMR pale Zeneti kabla havijakufikia. Mbu wa Muheza wamo pia katika mradi wa kimataifa uliosoma vinasaba vya maelfu ya mbu wa malaria wa Afrika. Mambo mawili yaliyotokana na kazi za namna hii yameingia ndani ya nyumba yako bila wewe kuambiwa.

Moja ni aina ya mbu. Kuna Anopheles gambiae na kuna ndugu yake Anopheles arabiensis. Kwa macho, hata ya mtaalamu, huwezi kuwatofautisha, lazima upime vinasaba. Wa kwanza anapenda kuuma watu ndani, usiku wa manane. Wa pili huuma hata nje na hata ng'ombe. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo kutoka kaskazini mashariki mwa Tanzania yakionyesha kwamba baada ya vyandarua kuenea, yule wa ndani amepungua sana na arabiensis ndiye aliyebaki kwa wingi. Tafsiri yake ni kwamba ile saa mnayokaa barazani na watoto baada ya magharibi, mkisubiri umeme urudi, chandarua hakiwasaidii. Suruali ndefu na dawa ya kupaka vinasaidia.

Jambo la pili ni dawa iliyomo kwenye chandarua. Mbu wengi wameshaizoea ile ya zamani. Utafiti uliofanyika Misungwi, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2022 ulilinganisha aina za vyandarua. Baada ya miaka miwili, palipogawiwa vya dawa ya zamani peke yake watoto 46 kati ya 100 walikutwa na malaria. Palipogawiwa vyenye dawa mbili, ikiwamo ya klorfenapiri, walikuwa 26. Chandarua ni chandarua kwa macho ya mzazi, lakini tofauti hiyo ni watoto 20 katika kila 100. Ukigawiwa kipya, usikiweke kabatini ukaendelea na cha zamani kwa kuwa hakijatoboka.

Kuna habari moja kutoka Morogoro ambayo sijaacha kuifikiria tangu nilipoisoma. Timu ya Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Glasgow ilikuwa ikisoma vinasaba vya Anopheles funestus, mbu anayebeba sehemu kubwa ya malaria nchini. Wakakuta badiliko la kumkinga mbu na DDT, badiliko ambalo halikuwahi kuonekana kwa aina hiyo ya mbu. DDT haitumiki tena huko. Ilitoka wapi? Maelezo yao ni kwamba ni mabaki ya shehena za zamani zilizoachwa na kuchafua udongo. Tunajua kwamba viuatilifu chakavu vilitelekezwa sehemu kadhaa nchini. Shamba la Vikuge, Kibaha, lilikutwa bado na sumu nyingi ardhini hata baada ya shehena kuondolewa. Uchafu uliomwagwa na watu ambao pengine wameshafariki umeandikwa ndani ya mbu wanaoruka leo. Daktari wa hospitali hawezi kuliona hilo kwa mgonjwa. Bwana afya hawezi kuliona kwa kukagua vyoo. Aliliona mtafiti aliyekuwa na muda wa kutafuta kitu ambacho hakuna aliyemtuma akitafute.

Na sasa mpwa wako. Nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu si kusoma tena, ni kazi. Daktari wa tiba akimaliza chuo hupita mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini kabla ya kuachiwa wagonjwa peke yake, na hakuna anayemcheka. Mwenye uzamivu wa sayansi hupita hatua inayofanana na hiyo, ndefu zaidi, akiwa chini ya mtafiti mkubwa lakini akiendesha kazi yake mwenyewe. Humo ndimo anamojifunza kuomba fedha kwa jina lake, kuongoza vijana, na kuandika matokeo. Asipoipita, hawezi kuanzisha kundi lake la utafiti, na bila vikundi vya aina hiyo damu ya mwanao itaendelea kusomwa na wageni kwa ratiba ya wageni.

Tatizo la nafasi hizi ni mbili. Ni chache, na karibu zote zinalipwa na fedha za nje. Mradi ule wa NIMR niliousifu ulifadhiliwa na mfuko wa Bill na Melinda Gates, na usomaji wa sampuli ulishirikisha vyuo vikuu vya Marekani, kikiwamo cha Brown. Fedha hizo zimefanya kazi njema na sina kejeli nazo. Ila Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo USAID, ambayo ndani yake mlikuwa na Mpango wa Rais wa Marekani wa Malaria, ikafungwa rasmi. Katikati, mwezi Mei, taasisi za afya za taifa la Marekani, NIH, zikatangaza kusitisha ule utaratibu wa ruzuku zinazopitia vyuo vyao kwenda kwa washirika wa nje hadi upatikane mfumo mpya. Wafadhili wa Ulaya nao wanabana. Mtu aliyemaliza uzamivu wa vinasaba wakati huu ameingia sokoni wakati meza zinakunjwa.

Serikali ina cha kujibu hapa. Tangu 2022 kuna Samia Skolashipu kwa waliofaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita, na mikopo ya elimu ya juu ipo. Ni vizuri. Lakini tunajenga ngazi yenye vipago vya chini tu. Mtoto anapanda hadi shahada ya kwanza kwa fedha za Watanzania, anamaliza uzamivu kwa fedha za wageni, na juu kabisa, pale ambapo angeanza kulipa deni hilo kwa kutulinda, hakuna kipago. Viongozi wa Afrika walishakubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tanzania haijaifikia. Nafasi kumi tu za kudumu za kusoma vinasaba vya vimelea, mbu na maji, zikilipwa na bajeti ya Wizara ya Afya kama zinavyolipwa nafasi za waganga, zingetosha kuhakikisha kwamba kila mwaka mtu yuleyule anaangalia damu ya maeneo yaleyale. Wapo watakaosema fedha hizo zinunue dawa. Nawauliza: dawa ipi? Mtanunua mkijuaje kwamba inatibu?

Kwa mpwa mwenyewe, endapo shangazi utamsomea: nafasi zipo, ila hazitangazwi kwenye mbao za halmashauri. NIMR, Ifakara, taasisi ya utafiti ya KCMC Moshi, Muhimbili, Sokoine na chuo cha Nelson Mandela Arusha huajiri kupitia miradi, kwa hiyo amwandikie mtafiti mwenye mradi moja kwa moja kuliko kusubiri tangazo. Kilifi, Kenya, kuna kituo cha KEMRI na Wellcome. Nairobi kuna taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, yenye maabara za vinasaba, na pia Wakfu wa Sayansi kwa Afrika unaosimamia programu ya DELTAS. Mpango wa EDCTP wa Ulaya na Afrika hutoa ufadhili kwa watafiti wa Kiafrika wanaobaki Afrika. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie hudumu hadi miaka miwili huko Ulaya, lakini una sharti la kutopita miaka minane tangu kupata uzamivu, hivyo asikae nyumbani akidhani milango inamsubiri. Na nyinyi wa nyumbani mwacheni. Kijana wa miaka thelathini na tano asiyeweza kukopa benki kwa sababu mkataba wake ni wa miezi ishirini na nne ana mawazo yake ya kutosha bila kuongezewa ya barazani.

Limebaki swali lako la kwanza. Fomu uliyosaini ina nakala yako. Kama hukupewa, rudi uidai. Lazima iwe na jina na simu ya mtafiti na kibali cha kamati ya maadili. Una haki ya kukataa bila mwanao kunyimwa matibabu, na hata baada ya kukubali una haki ya kujitoa. Sampuli ikitoka nje ya nchi huhitaji makubaliano maalumu yaliyoidhinishwa. Uliza jambo moja ambalo wengi hawaulizi: tone lile lina vinasaba vya kimelea na pia vina vya mwanao. Je, watasoma vya kimelea tu? Na ikibaki, wataitunza kwa utafiti gani mwingine? Tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na taarifa za afya zimo. Mtafiti mwema hatachukia kuulizwa. Mimi niliwahi kusaini fomu ya aina hiyo kwa ajili ya mwanangu miaka mingi iliyopita, katika kituo ambacho sitakitaja, nikaahidiwa majibu, na hadi leo sijayaona wala kupigiwa simu. Kwa hiyo uchungu wa swali lako naufahamu.

Faida ya moja kwa moja kwa mwanao, nisikudanganye, hakuna. Majibu ya karatasi ile yatachelewa kuliko homa yake. Faida ni kwa mtoto atakayeugua miaka mitatu ijayo, ambaye huenda akawa mdogo wake.

Wewe sasa hivi hakikisha amemaliza dozi. Ni mara sita kwa siku tatu: ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, maana bila mafuta dawa haiingii vizuri mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa, mrudie dozi na umwambie mhudumu. Usimbakishie mwenzake vidonge. Homa ikiwa bado ipo baada ya dozi kumalizika, usinunue nyingine dukani. Mrudishe kituoni, ueleze siku ulizompa na saa ulizompa, wamchukue damu ya kuangalia kwa hadubini. Na wakati wowote akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kunywa, au akiwa mlegevu asiyeamka vizuri, usingoje kukuche. Mpeleke Bombo usiku huohuo.